Mteja Msumbufu Aliyelizaa Jina la Mercedes

Hapa kwetu Keroka, mahali ambapo barabara itokayo Kisii kuelekea Sotik hulipasua soko katikati, kuna aina moja ya mteja ambaye mafundi humkwepa. Si yule asiyelipa. Dawa ya huyo inajulikana. Ninayemsema ni yule anayelipa, tena kwa wakati, lakini haridhiki. Ukimtengenezea mkokoteni leo, kesho yumo karakanani akidai kwamba magurudumu yasogezwe nyuma kidogo. Ukimchomelea lango la duka, atakuuliza kwa nini komeo halikuwekwa chini zaidi. Mafundi wakimwona kwa mbali hujitia shughuli, na wengine humtuma mwanafunzi wao aseme kwamba mwenyewe hayupo.

Mimi ni miongoni mwa wachache wanaomtetea mteja huyo. Ili nimtetee vyema, naomba msomaji aniruhusu nisimulie maisha ya mtu aliyekuwa wa aina hiyo hasa, na ambaye amekwisha kulala kaburini kwa zaidi ya miaka 100. Jina lake ni Emil Jellinek. Huenda jina hilo likawa geni masikioni mwa wengi, lakini jina la binti yake halihitaji kuelezwa, hata kwa mtoto anayesubiri matatu kando ya barabara. Binti huyo aliitwa Mercédès.

Jellinek alizaliwa mjini Leipzig, Ujerumani, tarehe 6 Aprili 1853, katika nyumba ya vitabu na sala. Baba yake, Adolf Jellinek, alikuwa rabi na mwanachuoni aliyesifika kwa hotuba zake, hasa baada ya familia kuhamia Vienna. Ndugu zake Emil walifuata njia ya baba. Georg alikuja kuwa profesa mashuhuri wa sheria, na Max Hermann akawa bingwa wa lugha. Emil peke yake ndiye aliyeshindikana. Alitolewa shule moja akapelekwa nyingine, na hakuna iliyomfaa. Alipotimu umri wa miaka 17 alitafutiwa kazi katika kampuni ya reli, na inasimuliwa kwamba alifukuzwa baada ya wakubwa wake kugundua kuwa usiku, wao wakiwa wamelala, yeye alikuwa akiandaa mashindano ya garimoshi. Nadhani kisa hicho kinatosha kutuonyesha mtu huyo alivyokuwa, nami sitakaa sana katika ujana wake.

Kwa msaada wa marafiki wa baba yake alipata kazi katika ubalozi mdogo wa Austria na Hungary nchini Morocco, kisha akahamia Oran, Algeria. Huko aliuza tumbaku Ulaya na akawa ajenti wa kampuni ya bima ya Kifaransa. Huko pia alioa mke wake wa kwanza, Rachel. Mwaka 1884 walihamia Baden, karibu na Vienna, na hapo ndipo Mercédès alipozaliwa, tarehe 16 Septemba 1889, baada ya kaka zake wawili. Jina hilo ni la Kihispania na maana yake ni neema au rehema. Miaka minne baadaye Rachel alifariki. Baba mtu alibaki na watoto watatu na biashara iliyokuwa ikinawiri, na kila msimu wa baridi alikwenda kukaa Nice, katika pwani ya kusini ya Ufaransa.

Mji wa Nice wa zama hizo una nafasi kubwa katika habari hii. Matajiri wa Ulaya walikusanyika huko kukwepa baridi, na miongoni mwao walikuwamo watu wa koo za kifalme, wenye mabenki na wenye viwanda. Walikuwa na fedha, walikuwa na wakati, na walikuwa na hamu ya kitu kipya. Nyuma ya mji kuna milima inayopanda ghafla kutoka baharini. Kwa hiyo mtu aliyetaka kujua gari linaweza nini na haliwezi nini, hakuhitaji kusoma kitabu cha kiwanda. Alihitaji kulipandisha mlimani tu, akaona litakavyotokota.

Mwaka 1897 Jellinek alisafiri hadi Cannstatt, karibu na Stuttgart, kwenye kiwanda cha Gottlieb Daimler, akaagiza gari. Aliletewa mwezi wa Oktoba mwaka huohuo. Lilikuwa na injini ya silinda 2 na nguvu za farasi 6, na mwendo wake wa juu kabisa ulikuwa kilomita 24 kwa saa. Mteja wa kawaida angelifurahia, kwani majirani zake walikuwa bado wakienda kwa farasi. Jellinek aliandika barua kulalamika. Alitaka gari la kilomita 40 kwa saa, na alitaka mawili. Kiwanda kilisitasita, kisha kikakubali, na mwezi wa Septemba 1898 alipokea magari mawili aina ya Phoenix, yenye injini ya mbele ya silinda 4 na nguvu za farasi 8. Hayo ndiyo yanayotajwa kuwa magari ya kwanza ya barabarani duniani kuwa na injini ya silinda 4. Kwa maneno mengine, injini iliyokuja kuwa kawaida katika magari ya dunia iliingia barabarani kwa sababu muuza bima mmoja hakuridhika.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji atue kidogo. Jellinek hakuwa mhandisi, na sidhani angeweza kuchora hata bomba la moshi. Lakini hakuwa mnunuzi mtupu pia. Magari aliyoyanunua aliyauza tena kwa matajiri wa Nice. Mwaka 1899 alichukua magari 10 kutoka Cannstatt, na mwaka 1900 akachukua 29. Aliyaingiza katika mashindano akitumia jina la bandia, Bwana Mercédès, kwa kuazima jina la mwanawe. Kwa hiyo kila kasoro ya gari ilimfikia mara mbili. Aliikuta mwenyewe barabarani, kisha akaletewa tena na mteja wake mwenye hasira. Akaimimina yote katika barua na simu za maandishi alizozituma Cannstatt, mfululizo, kwa lugha ambayo hakuna fundi angependa kuisoma asubuhi kabla ya chai.

Mwaka 1900 ulianza kwa misiba. Mapema mwezi wa Machi Gottlieb Daimler alifariki. Mwisho wa mwezi huohuo, katika mashindano ya kupanda mlima kutoka Nice hadi La Turbie, Wilhelm Bauer, fundi na dereva wa kiwanda hicho, alipoteza mwelekeo katika kona akiendesha Phoenix yenye nguvu kubwa, na akapoteza maisha. Wakubwa wa Cannstatt walifadhaika. Fikira yao ya kwanza ilikuwa kujitoa katika mashindano na kuachana na mbio, na ni nani angewalaumu? Mtu alikuwa amekufa.

Jellinek alikitazama kifo hicho kwa jicho jingine. Kwa maoni yake mwendo haukuwa na hatia. Gari lilikuwa limesimama vibaya. Phoenix ilikuwa fupi kwa urefu, ndefu kwa kimo, na nzito mbele kwa sababu ya injini yake. Kulipunguzia mwendo gari la namna hiyo ni kuahirisha ajali tu. Yeye alitaka gari jipya kabisa. Liwe refu zaidi kutoka magurudumu ya mbele hadi ya nyuma, liwe pana, uzito wake ushuke karibu na ardhi, injini iwe nyepesi lakini yenye nguvu zaidi. Nakiri kwamba kuna ukatili fulani katika mtu anayezungumzia biashara wakati maiti haijapoa. Hata hivyo, kuhusu gari alikuwa na haki. Alikuwa amekwisha kuona kwa macho yake, katika kona zile zile, jambo ambalo wachoraji wa Cannstatt walilijua kwa hesabu tu.

Mwanzoni mwa Aprili 1900 alitia saini mkataba na kiwanda, na majuma mawili baadaye akaagiza magari 36 kwa jumla ya marki 550,000. Hizo zilikuwa fedha za kutisha wakati ule. Alipewa haki ya kuyauza peke yake katika nchi kadhaa, Ufaransa na Austria zikiwa miongoni mwao, na akaomba injini mpya ipewe jina la Daimler-Mercedes. Haikupita miezi mingi akaagiza mengine 36.

Tuizingatie hesabu hiyo ya 36. Wapo wateja wengi wanaotaka kitu chao peke yao, kisichofanana na cha jirani, na fundi anayewafuata hao atakufa maskini, kwa maana kila siku ataanza kazi upya. Jellinek hakuomba gari la kifahari la kwenda nalo arusini. Aliomba gari ambalo watu 36 walikuwa tayari kulinunua, ingawa wengi wao hawakujua bado kwamba wanalitaka. Na aliweka fedha zake mezani kabla kitu chenyewe hakijakuwapo. Lawama zake zilikuwa na uzito kwa sababu zilikuja pamoja na hasara ambayo yeye mwenyewe angeipata kama angekosea.

Upande wa pili wa meza alikuwapo Wilhelm Maybach, na bila yeye habari hii ingekuwa ya kelele tu. Maybach alikuwa yatima tangu umri wa miaka 10, akalelewa katika nyumba ya wafadhili wa Kikristo mjini Reutlingen, na huko ndiko Daimler alikomwona na kumchukua. Alikuwa mpole, mwenye maneno machache, na stadi asiye na mfano. Alizichukua barua za Jellinek, akaondoa matusi, akabaki na haja. Kisha akaanza kuchora.

Gari la kwanza lilikabidhiwa tarehe 22 Desemba 1900. Lilikuwa na nguvu za farasi 35. Fremu yake ilikuwa ya chuma kilichokandamizwa kwa mashine badala ya mbao zilizozoeleka, sehemu ya injini iliundwa kwa madini mepesi, na umbo lake lilikuwa la chini na refu. La kunipendeza zaidi ni rejeta. Magari ya wakati ule yalibeba maji mengi na bado yalichemka. Maybach alitengeneza rejeta mfano wa sega la nyuki, yenye vijibomba 8,070 vya kupitisha hewa, na maji machache yakatosha kuipoza injini yenye nguvu. Msafiri yeyote aliyewahi kukaa kando ya njia katika vilima vyetu vya Gusii, akingoja matatu ipoe huku utingo akikimbilia mtoni na mtungi, anaelewa thamani ya uvumbuzi huo bila kuhitaji mwalimu.

Mwezi wa Machi 1901, katika juma la mashindano la Nice, magari hayo yaliwaacha wapinzani wakikodoa macho. Wilhelm Werner alishinda mbio ndefu, na mlima wa La Turbie, ule ule uliomuua Bauer mwaka mmoja kabla, ulipandwa kwa kasi ambayo haikuwa imeonekana. Magazeti ya Ufaransa yaliandika kana kwamba zama zimebadilika, na kwa kweli zilikuwa zimebadilika. Kabla ya hapo gari lilikuwa kigari cha farasi kilichotiwa injini. Baada ya hapo likawa na sura ambayo hata sisi wa leo tukiiona tunasema bila kusita kwamba hili ni gari. Juni 1902 kiwanda kilipeleka jina la Mercédès lisajiliwe, na Septemba mwaka huo likawa alama halali ya biashara. Mwaka uliofuata Jellinek mwenyewe alipata ruhusa ya kujiita Jellinek-Mercédès. Sijui baba mwingine aliyechukua jina la binti yake.

Wataalamu wa biashara walichelewa kulipatia jambo hili jina. Mwaka 1986 Profesa Eric von Hippel, wa chuo cha MIT nchini Marekani, aliandika kuhusu wateja ambao mimi nitawaita watangulizi. Alitaja dalili mbili za kuwatambua. Ya kwanza ni kwamba haja waliyo nayo leo, soko zima litakuwa nayo kesho au kesho kutwa. Ya pili ni kwamba faida watakayoipata haja hiyo ikitimizwa ni kubwa mno hata hawawezi kukaa kimya. Ni maelezo mazuri, ingawa wanawake wa pwani yetu wangemwambia kwamba amechelewa. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Zanzibar na Mombasa walinunua leso za mraba zilizokuwa bado hazijakatwa kutoka jora, wakazishona pamoja kupata nguo pana. Wafanyabiashara wakaona, wakaenda kuagiza kitambaa kilichopigwa chapa kizima kizima. Ndipo kanga ilipozaliwa. Hakuna kiwanda kilichoibuni, kiliambiwa tu.

Sasa nirudi kwa mafundi wetu, maana sikumtaja Jellinek kwa ajili ya kuburudisha. Siku moja nilimsikia mama mmoja mfanyabiashara wa ndizi akimweleza fundi wa mikokoteni, mbele ya watu, kwamba mkokoteni wake unamtia hasara. Mikungu huchubuka kwa kugongana, na ndizi ikichubuka bei hushuka. Alitaka kitanda cha mkokoteni kiwe na mteremko kidogo kuelekea ndani na kiwe na vyumba. Akasema kwamba kikitengenezwa vizuri, wenzake katika chama chao watataka namna hiyo hiyo. Fundi alimjibu kwa heshima, mama, mkokoteni ni mkokoteni. Watu wakacheka na mama akaenda zake. Mimi sikucheka. Alikuwa na dalili zote mbili za profesa, pamoja na wanunuzi mkononi, na hakutumia hata tusi moja.

Aghalabu tunadhani kwamba ufundi umo katika mikono ya fundi peke yake. Ilhali wenye matatu wametuonyesha vingine kwa miaka mingi. Wao ndio hununua chesisi, wakaipeleka kwa waunda bodi na kusimama papo hapo wakiamuru keria ya juu iwe imara kiasi gani, ngazi ikae wapi, mlango ufunguke vipi ili utingo aweze kuning'inia. Si kila walilotaka lilikuwa jema, na ndiyo sababu serikali ilikuja na kanuni za mwaka 2004 za mikanda na vidhibiti mwendo. Lakini bodi hizo ni kazi ya Kenya, na zilikua kwa kubishana na mteja. Kwa nini ubishi huo uishie kwenye matatu? Mama wa ndizi anao ujuzi, mwenye kinu cha posho anao, na mchuma chai ambaye mkanda wa kikapu unamkata bega kila asubuhi anao pia. Keroka ni mji uliogawanywa na mpaka wa Kisii na Nyamira, na tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013 wafanyabiashara wake wamelalamika mara kadhaa kwamba hudaiwa ushuru na pande zote mbili. Wanaombwa fedha mara mbili. Sijasikia wakiombwa mawazo hata mara moja.

Yupo atakayesema kwamba ninampamba mtu mbaya. Ni kweli kwamba Jellinek alikuwa mgumu kuvumiliwa. Alidharau wakubwa wa kiwanda waziwazi, na kadiri magari yalivyouzika ndivyo alivyozidi kujiona kuwa yeye ndiye aliyeyaunda. Maybach, aliyeyaunda kwa kweli, hakufaidi sana utukufu huo. Baada ya kifo cha Daimler alisukumwa kando na wenye hisa, na mwaka 1907 akaondoka kabisa. Kiwanda kiliisahau haraka akili iliyowahi kuzigeuza barua za hasira kuwa injini. Kwangu mimi kosa hilo ni baya kuliko makelele yote ya mteja.

Jellinek naye hakudumu. Uhusiano wake na Cannstatt uliingia ufa, akaigeukia kazi ya ubalozi mdogo na kuziachia mbio na mashine wengine. Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, alikuwa raia wa Austria na Hungary mwenye majumba ya kifahari katika ardhi ya Ufaransa, na hapakuwa na nafasi mbaya zaidi ya hiyo. Alilazimika kuondoka Nice. Wafaransa walimshuku kuwa jasusi na wakazichukua mali zake, na upande wa pili wa vita nao haukumwamini. Alikimbilia Uswisi, na huko Geneva akafariki tarehe 21 Januari 1918, akiwa na umri wa miaka 64.

Mwaka 1926 kiwanda cha Daimler kiliungana na kile cha Karl Benz, na majina mawili yakawekwa pamoja. Ndiyo maana Wakenya tulipotafuta neno la kuwaita wakubwa wetu wapya baada ya uhuru, tukawaita wabenzi, kwa jina la mtu ambaye Jellinek alikuwa akishindana naye. Mercédès mwenyewe alifariki Vienna mwezi wa Februari 1929, akiwa na miaka 39 tu, wala hakuwa tajiri. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo Wilhelm Maybach naye aliaga dunia mjini Stuttgart, akazikwa Cannstatt, katika makaburi yale yale alikolazwa Gottlieb Daimler.